Mwamia ndege wa Matambarale na moto usiotakiwa kuruka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Teodosia anapanda ngazi ya dungu lake katikati ya shamba la mtama, Matambarale, wilayani Ruangwa. Anatua kikapu, anasimama wima juu ya fito, na kabla hajagusa chochote anapaza ukelele mmoja mrefu.

"Nipooo!"

Kutoka dungu la pili, ng'ambo ya kijibonde kinachotenganisha mashamba mawili, sauti nyingine inajibu: "Nami nipooo! Umechelewa, Mama Beatrisi. Wageni wako wamekwisha kunywa chai."

Wageni wanaotajwa ni kwelea kwelea, ndege wadogo wanaoweza kuumaliza mtama wa familia kabla jua halijafika utosini. Anayewataja ni Kulthumu, ambaye kwa miaka kumi sasa ameamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka, katika shamba la jirani. Salamu hiyo ya asubuhi si ya mapenzi. Kila mmoja humjulisha mwenzake mahali alipo, kwa sababu punde madonge ya udongo mkavu yataanza kuruka kwa kasi inayoweza kumtoa mtu jicho.

Kundi la kwanza linatokea juu ya mikorosho. Teodosia anatia donge katika kombeo, anachomeka kidole kwenye kitanzi cha ncha moja, anabana ncha ya pili kwa kidole gumba, na mkono wa kulia unapanda. Kombeo linavuma juu ya kichwa. Kidole gumba kinalegea, donge linaondoka, na ndege wananyanyuka wote kwa pamoja kama mkeka unaokung'utwa, wakahamia kwa Kulthumu.

"Ahsante kwa kunigawia!" Kulthumu anapiga kelele. "Watoto wako wana adabu sana!"

Mpaka hapa hakuna jambo jipya. Wanawake wa Ruangwa na Nachingwea wamefanya kazi hii tangu mtama ulipofika katika ardhi hii. Jambo jipya linatoka kikapuni baada ya ndege kutulia: soksi mbili za shule zilizojazwa mtama na kufungwa kwenye ncha za kamba mbili. Teodosia anashika kamba moja kila mkono, ananyoosha mikono juu na kuanza kuzizungusha juu ya kichwa chake, soksi moja ikipita mbele ya paji la uso wakati nyingine ikipita nyuma ya kisogo.

"Niangalie mimi!" Kulthumu anaamuru kutoka ng'ambo. "Usiangalie mawingu! Mawingu hayatakuzuia!"

Ni mwishoni mwa Juni, mwaka 2006. Jumamosi ijayo, Ruangwa mjini, soksi hizo zitapisha minyororo miwili yenye matambara yaliyolowa mafuta ya taa, na matambara hayo yatawashwa. Teodosia atakuwa chini yake. Endapo atafaulu, atakuwa na kazi katika miezi ambayo hakuna ndege wa kuamia. Endapo mkono wake utafanya ulichozoea kufanya, moto utaruka, na mji una mapaa ya nyasi ya kutosha.

Teodosia alizaliwa Mnero, wilayani Nachingwea, miaka thelathini na mitatu iliyopita, katika familia ya wakulima Wakatoliki. Kombeo alifundishwa na mama yake kabla hajaanza darasa la kwanza. Alipoolewa na Selestini na kuhamia Matambarale alikuja na sufuria, kitanda cha kamba na mkono wa kulia ambao, kwa maneno ya Kulthumu, "haukosi hata nzi". Mwaka 1994 alianza kuamia mashamba ya watu kwa ujira. Wakati huo madungu yalionekana kuanzia barabarani hadi ukingo wa msitu, na asubuhi bonde zima lilijaa sauti za wanawake wakiambiana walipo.

Msimu huu, bonde lina madungu mawili.

Walioondoka hawakufukuzwa na ndege. Walifukuzwa na ufuta. Bei yake imepanda, wanunuzi wanaufuata mpaka shambani, na wenye mashamba wameng'oa mtama, ekari baada ya ekari, kuupisha. Kwelea, ambaye hula mtama bila kuchoka, hahangaiki na ufuta uliofungiwa ndani ya maganda yake. Kwa hiyo ufuta hauhitaji dungu, na dungu lisilohitajika halihitaji mtu wa kukaa juu yake.

Selestini mwenyewe alipanda ufuta msimu uliopita katika shamba lao la nyumbani. Hakuona haja ya kujitetea.

"Ndege hawali ufuta," anasema. "Na ufuta haumtaki mke wangu akae juu ya miti tangu alfajiri."

"Alinitangazia kama mtu anayeniletea kitenge," anasema Teodosia. "Nikamuuliza, sasa nikae wapi? Akasema, kaa chini. Kama vile kukaa chini ni kazi."

Kuamia humpatia magunia mawili ya mtama kwa msimu na shilingi elfu ishirini. Ni ujira mdogo, na hakuna anayeuonea fahari. Lakini ndio uliomnunulia Beatrisi, binti yao aliye darasa la sita, sare na madaftari. Mwenye shamba amekwisha kumwambia kwamba mwakani naye atapanda ufuta. Alimwambia kwa upole, akamwombea kheri.

Mwezi Machi, wakati mtama ukianza kutoa masuke, wasanii wa kikundi kimoja cha sarakasi walikuwa wakirudi Ruangwa kwa baiskeli kutoka Ruponda. Gurudumu la mmoja wao likapata pancha kando ya shamba. Wakati wenzake wakiziba tundu, kiongozi wao, Huzaifa, kijana wa miaka ishirini na minne, alikaa kwenye kivuli akimtazama mwanamke mmoja akizungusha kombeo juu ya dungu. Pancha ilikwisha kuzibwa, naye alikuwa bado anatazama.

"Niliona duara," anasema Huzaifa. "Limelala sawa juu ya kichwa, halitikisiki. Mimi wasichana wangu nawafundisha miezi minne, na bado duara linalala kama kuku mgonjwa. Huyu mama anafanya huku anatafuna muhogo."

Sanaa hiyo Huzaifa aliipata Dar es Salaam, alikokwenda kuuza maji ya mifuko na kuishia kubeba wenzake mabegani katika kundi la sarakasi. Huko alionyeshwa mipira ya kamba: vitu viwili vizito vinavyofungwa kwenye ncha za kamba na kuzungushwa kando ya mwili, nyuma ya mgongo na juu ya kichwa, kwanza vikiwa baridi, baadaye vikiwaka moto. Asili yake, aliambiwa, ni visiwa vilivyo upande wa pili wa dunia. Taarifa hiyo, anakiri, haikumsaidia mtu yeyote kuizungusha.

Msichana aliyekuwa akiufanya mchezo huo katika kikundi alikuwa ameolewa na kumfuata mumewe Masasi, na mchezo ulikuwa umekufa naye. Wateja wa Huzaifa ni familia zinazowatoa vijana wao jandoni, maharusi, na mara mojamoja gulio lenye mgeni rasmi. Wote huulizia moto. Na katika moto huulizia mtindo mmoja, ule wa juu ya kichwa, ambao kikundi huuita panga boi kwa kuwa kamba hulala na kuzunguka kama feni ya darini.

"Ukizungusha ubavuni unapewa makofi," anasema Huzaifa. "Ukizungusha juu ya kichwa unapewa hela."

Alimwahidi Teodosia shilingi elfu nne kwa kila onyesho. Sherehe hizo huanza mavuno yanapoingia ndani, yaani wakati uleule madungu yanapoachwa matupu. Ni nadra kazi mbili kupokezana mwaka kwa utaratibu kiasi hicho, na Teodosia, ambaye hana mazoea ya kuamini bahati, aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya pili alikubali.

Mazoezi hufanyika Jumapili mchana, nyuma ya ghala moja la Ruangwa mjini. Kwelea hawatambui Jumapili wala Ijumaa. Kwa hiyo tangu zamani Kulthumu humwangalizia Teodosia shamba siku ya misa, na Teodosia humlipa fadhila siku ya swala. Sasa misa ikaongezewa mazoezi. Kulthumu hakukataa. Alisema tu kwamba Mkatoliki aliyemzoea ameanza kuwa na Jumapili ndefu kuliko ya padri.

Sheria za mtindo wa juu ni chache na hazina huruma. Mkono hupanda mpaka kiwiko kinyooke. Kiganja huelekea mbinguni. Kifundo cha mkono hufanya kazi ambayo bega linatamani kuifanya. Mkono ukishuka kidogo, duara hushuka nao, na sikio hupata habari. Ikiwa ni mikono miwili, mpira mmoja lazima uwe unaondoka pale mwingine unapofika. Ikikutana, kamba husokotana na mchezaji husimama kama mtu aliyenaswa na nguo alizokuwa akianika.

Wanafunzi wengi huishia sikioni kwa wiki kadhaa. Teodosia aliuweka mpira wa kulia juu ya kichwa chake alasiri ya kwanza, na ukakaa.

Mkono wa kushoto ulikuwa habari nyingine. Haukuwahi kushika kombeo, na ulizunguka kwa wasiwasi wa mgeni asiyejua mlango ulipo. Lakini ulikuwa mtiifu. Uliambiwa, ukarudia, ukajifunza, na kufikia mwisho wa Aprili uliweza kumfuata mwenzake bila kumgonga.

Ni mkono hodari uliokuja kuleta msiba.

Jumapili moja, mpira wa kulia ukiwa katika mwendo mzuri kabisa, vidole vya Teodosia vilifunguka. Mpira ukaruka na kutua katikati ya ngoma ya Amri, mpigaji wa kikundi, aliyekuwa ameketi mbali akifunga kamba zake. Jumapili iliyofuata ukaondoka tena, ukaangusha jagi la plastiki lililokuwa juu ya ukuta. Mara ya tatu ulimpata jogoo wa jirani aliyekuwa amesimama juu ya paa la ghala. Jogoo huyo alilipiwa, kisha akaliwa.

"Shemeji," Amri alimwambia Teodosia, "mimi ngoma yangu nimeivisha shati. Kama una ugomvi nayo, sema tuyamalize."

"Sikuwa na nia," Teodosia alijibu.

"Na jogoo?"

"Hata jogoo."

Amri alitafuna paja, akafikiri. "Basi siku ukiwa na nia, uniambie mapema."

Kilichokuwa kikitendeka si fumbo kwa mtu aliyewahi kushika kombeo. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mkono ule umefundishwa jambo moja: zungusha juu, kisha achia. Donge lisiloachiwa halifukuzi ndege. Mkono ulikuwa ukitimiza wajibu wake kwa uaminifu, na ulikuwa ukiutimiza mahali pasipohitajika.

Huzaifa alijaribu tiba alizozijua. Alimwambia abane kwa nguvu. Ngumi iliyobana haizungushi, na duara likafa. Alifunga kamba kwenye kifundo cha mkono. Vidole vilipofunguka mpira haukuruka, bali ulirudi na kumpiga Teodosia kwenye paji la uso, akatembea wiki nzima na nundu iliyomlazimu kueleza kwa kila mtu kisimani kwamba Selestini hana hatia. Isitoshe, kamba ya kufunga haifai kwa moto. Mchezaji ambaye nguo yake imeshika moto lazima aweze kuachia mara moja. Kwa ufupi, Teodosia alitakiwa awe na mkono unaoweza kuachia na usioachia.

Mwanzoni mwa Juni, Huzaifa alimwita kando.

"Mama Beatrisi, sikuvunjii heshima. Duara lako sijaona popote, hata Dar. Lakini moto sikupi. Moto ukiruka ukatua kwenye nyasi za watu, mimi hapa mjini siishi tena. Nina sherehe Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kama mpaka hapo mkono haujatulia, nitamtafuta msichana tuanze upya."

Teodosia aliliwaza jambo hilo njiani, nyuma ya baiskeli ya Selestini. Selestini, ambaye si mtu wa kubembeleza, alisema tu kwamba hata ng'ombe wa kulimia hufundishwa kusimama. Hakusema hufundishwa vipi.

Jibu lilitoka ng'ambo ya kijibonde, likiwa katika sura ya tusi.

Teodosia alikuwa akijaribu soksi zake juu ya dungu. Aliona ndege, shore, ametua juu ya suke, na soksi ya kulia ikaenda. Shore akaanguka. Teodosia akakaa juu ya fito akafunika uso kwa khanga.

"Umempata!" Kulthumu alishangilia. "Mboga hiyo!"

"Usinicheke, Kulthumu. Mkono huu umelaaniwa. Kila kinachozunguka unakiachia."

"Muongo we!"

"Nakwambia unaachia kila kitu!"

"Sasa mimi mbona nimekaa mbele yako miaka kumi na kichwa changu kizima?"

Teodosia aliondoa khanga usoni.

Wanawake wanaoamia ndege wana mwiko mmoja ambao hufundishwa kabla ya shabaha. Kombeo haliachiwi kuelekea mtu. Mama yake Teodosia, kule Mnero, alimfundisha kwa kusimama yeye mwenyewe shambani, mbele ya binti yake, na kumwamuru azungushe kombeo lenye donge huku akimtazama machoni. Msichana huzungusha mpaka bega liwake moto, na hathubutu kulegeza kidole. Mazoezi hayo hurudiwa mpaka mkono ushike jambo ambalo akili inaweza kulisahau: ukiona ndege, fungua, ukiona mtu, endelea kuzungusha mpaka apite.

Mkono wake, basi, ulijua kushika. Ulikuwa haujaonyeshwa mtu.

Kwa kuwa Teodosia, katika mazoezi yote, hakuwahi kumtazama yeyote. Mwanamke aliyelelewa vizuri hawakodolei macho watu, sembuse wanaume, sembuse akiwa amenyoosha mikono yote miwili juu. Kwa adabu hiyo alielekeza macho pasipo na uso wa mtu: kwenye ngoma, kwenye ukuta, juu ya paa. Na kila alipotazama, mkono uliona shabaha. Hakuna mpira uliopotea. Yote ilifika ilikotazamwa.

Jumapili iliyofuata alimwomba Amri asimame mbele yake. Amri aliuliza kama ndiyo ile nia aliyoahidiwa kuambiwa mapema. Kisha akasimama, mikono ikiwa imeficha tumbo, na Teodosia akamtazama usoni moja kwa moja, jambo lililomfedhehesha zaidi Amri kuliko yeye. Mipira ilipanda. Ilizunguka mpaka Huzaifa akachoka kusubiri iruke.

"Mama Beatrisi," alisema hatimaye, "hapo umetisha."

"Shusha basi," Amri aliomba. "Macho yananiuma kwa niaba yako."

Huzaifa alikubali kumpa moto. Hata hivyo, mtu mmoja nyuma ya ghala si kadamnasi ya watu jioni, na hakuna aliyeweza kusema mkono ungefanya nini mbele ya mji.

Jumamosi imewadia. Uwanja ni ua mkubwa wa familia moja ya Ruangwa inayowapokea vijana wake watatu kutoka jandoni. Vijana wameketi juu ya mkeka wakiwa na kanzu mpya na nyuso za watu waliokatazwa kucheka. Jua limezama nyuma ya mikorosho. Pilau imeliwa. Huzaifa ameweka ndoo mbili za mchanga kila upande, na Amri, ambaye leo ngoma amemwachia mwingine, amebeba magunia yaliyolowa maji kama mtu anayesubiri kumfunika maiti.

Teodosia anasimama katikati akiwa amevaa gauni la pamba lililobana mikono, nywele zimefungwa kwa kitambaa chenye maji. Miongoni mwa waliokalia viti vya mbele yupo mjomba wa Selestini, mzee mwenye kofia ya kitambaa cheupe, ambaye Teodosia hajawahi kumtazama usoni tangu siku ya posa. Kwa desturi hapaswi kumtazama leo pia.

Huzaifa anawasha tambara la kwanza, kisha la pili. Watu wanarudi nyuma, kisha wanasogea tena. Minyororo inaanza ubavuni, kulia na kushoto, ikinguruma kwa sauti ambayo soksi hazina. Teodosia anatafuta uso. Wa kwanza anaoukuta ni wa mjomba. Anautazama. Mikono inapanda.

Moto unalala juu ya kichwa chake kama sinia. Vigelegele vinapasuka. Kwa muda mfupi kila kitu kiko kama kilivyopangwa.

Kisha linatokea jambo ambalo mazoezi ya mchana yasingeweza kulifundisha. Kadiri giza linavyoingia na macho yake yanavyozoea mwali, watu walio mbele yake wanafifia. Uso wa mjomba unakuwa kivuli, kivuli kinaungana na vivuli vingine, na nyuma yake, kwenye anga ambayo bado ina mwanga kidogo, kinachobaki kuonekana wazi ni ukingo wa paa la nyasi.

"Niliona paa," anasimulia Teodosia. "Nikajiambia, usilione. Lakini jambo ukishajiambia usilione, umeliona. Kidole gumba kikaanza kuniwasha."

Huzaifa, aliyekuwa karibu, anasema aliona kidole gumba cha kulia kikianza kulegea, akainama kuchukua ndoo. Amri alikwisha kupiga hatua na gunia lake.

Ndipo kutoka gizani, mahali fulani nyuma ya viti, ikapaa sauti ambayo haina adabu ya mjini hata kidogo.

"Nipooo!"

Kulthumu alikuwa amefunga dungu lake mapema na kuja kwa miguu, bila kumwambia mtu, kwa maelezo kwamba ndege nao wana haki ya kula Jumamosi moja. Kidole gumba kikabana. Teodosia aligeuza macho kutoka kwenye paa kuelekea ilikotoka sauti. Hakuona kitu. Alijua tu kwamba mbele yake kuna mtu.

"Nipooo!" ikaja tena, sasa kutoka upande mwingine, kwa kuwa Kulthumu, akiamini ameeleweka, alikuwa akizunguka ua huku akipiga watu vikumbo.

Wasichana walio kwenye mkeka wa wanawake walidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja akaitikia, mwingine akafuata. Kisha ua mzima, wakubwa kwa wadogo, na hata vijana waliokatazwa kucheka, ukawa unapaza neno hilo kutoka kila pembe: nipo, nipo, nipo. Hapakubaki upande usiokuwa na mtu. Teodosia alizunguka taratibu mahali pake, moto ukizunguka juu yake, na kila alikogeukia palikuwa na watu wanaomwambia walipo. Alizungusha mpaka mafuta yakaisha na miale ikafa yenyewe, na minyororo ikashuka ubavuni mwake ikiwa mikononi mwake.

Amri alitua gunia. Alisema tu kwamba ni zito.

Baadaye, wakati vyombo vikikusanywa, mjomba wa Selestini alimwita. Teodosia alikwenda akapiga magoti, macho yakiwa chini.

"Mkamwana," mzee alisema, "kumbe una macho."

Mzee akampa noti ya elfu moja, akaongeza kwamba hajamkataza kuyatumia.

Ni mapema kusema kwamba moto utaweza kulisha nyumba ambayo mtama umeacha kuilisha. Sherehe za jando zina msimu wake kama mazao. Mwaka ukiwa mbaya hufupishwa, na kinachokatwa kwanza ni burudani. Kikundi kimepata maombi manne kwa mwezi huu na ujao, mawili kati yake Nachingwea. Huzaifa anazungumza juu ya Mtwara kwa uhakika wa mtu asiyekuwa na nauli ya kufika huko.

Teodosia anazungumza kwa tahadhari zaidi. Amemshauri Huzaifa wamchukue Kulthumu kwa nusu ya malipo, kazi yake ikiwa kuanzisha mwito. Kulthumu anasema nusu ni ya mtu anayenong'ona, na mazungumzo yanaendelea. Wasichana watatu wa Matambarale wameomba kufundishwa. Hawajui kombeo, kwa hiyo hawana ugonjwa wa kuachia. Hawana mkono pia. Ataanza nao, anasema, kama alivyoanzwa na mama yake: mtu asimame mbele, watazamane machoni. Mipira itafuata.

Lakini ombi lake kubwa alilipeleka nyumbani. Wiki iliyopita, Selestini akichora kwa kijiti mpango wa shamba la mwakani, ufuta kutoka mpaka hadi mpaka, mkewe alimwomba amwachie mistari michache ya mtama upande wa kijibonde, na miti ya kutosha kujenga dungu moja dogo.

"Ndege watakuja," Selestini alimwonya.

"Nataka waje."

"Unapanda ili uibiwe?"

"Mkono ukikaa na watu tu, utasahau ndege," alimjibu. "Na mkono usiomjua ndege, utajuaje kwamba huyu ni mtu?"

Selestini, kwa uso wa mtu anayeruhusu ekari nzima, akafuta mistari minne ya ufuta kwa kisigino.